Neno la Ishirini na Tano

14 Septemba, Jumapili

Magunia manne ya pilipili hoho. Mume wangu Radiša anazichoma uani tangu asubuhi, mimi namenya. Macho yanawaka kwa moshi na vidole vimebabuka. Nilipomaliza gunia la pili alilitazama beseni, akasema bila nia mbaya yoyote, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi: "Marehemu Bosiljka alikuwa akimaliza gunia kwa saa moja."

Marehemu Bosiljka, mke wake wa kwanza, alifariki miaka kumi iliyopita. Mimi nimeolewa katika nyumba hii miaka minne. Nimenunua daftari hili ili kila anapotajwa mwanamke huyo niandike, maana nikisema kwa mdomo naambiwa nina wivu. Ninao. Sasa umeandikwa.

15 Septemba

Chupa thelathini na nane za ajvar, rojo la pilipili za kuchoma. Mgongo umekufa. Hakutajwa.

20 Septemba, Jumamosi

Radiša huenda makaburini kila Jumamosi, kama wengine wanavyokwenda sokoni. Leo nilijikaza nikamfuata na maua ya krisanthemi, nisionekane mke asiye na adabu.

Jiwe lile nililiona siku ya harusi yetu, lakini siku ile nilikuwa na haraka. Leo nilikuwa na nafasi ya kulisoma. Kulia ni Bosiljka, amezaliwa, amefariki. Kushoto ni Radiša Stamenov, amezaliwa, kistari, kisha mahali patupu panapongoja mwaka. Chini ya kila jina kuna picha ya kauri ya duara-yai. Yeye anatabasamu kulia, mume wangu anatabasamu kushoto, na fundi aliwapanga hivi kwamba vichwa vimeelekeana kidogo. Najua kila mjane hapa Leskovac huchonga jiwe la wawili ili asilipe fundi mara mbili. Najua sana. Hata hivyo nilisimama pale na maua yangu kama mgeni aliyeingia chumba cha watu bila kubisha hodi.

Njiani kurudi nikamwuliza, "Na mimi utanizika wapi?"

"Mungu wangu, mwanamke," akasema Radiša, "kabichi bado hatujanunua, wewe unanunua kaburi."

27 Septemba

Javorka alikuja. Huyu ni dada yake Bosiljka, na ningeweza kumvumilia kama asingekuwa na uso uleule. Alimbusu Radiša mara tatu, mimi akanipa ncha za vidole.

Kiwanja tunachoishi kilikuwa cha baba yao. Nusu ya Bosiljka ilirithiwa na Radiša, nusu nyingine ni ya Javorka, na mpaka wa nusu hizo unapita katikati ya jiko langu. Kuna fundi wa matairi anayetaka kununua nusu yake ajenge gereji.

"Shemeji," alisema, "nimekungoja kwa ajili ya dada yangu. Sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, tarehe nane Novemba, ndiyo mwisho. Baada ya hapo yule wa matairi ananipa zaidi."

"Siku hiyo tutakuwa ofisi ya hati, wewe na mimi," akasema Radiša. "Fedha zipo."

"Ziko wapi? Kwenye kile kiberiti chako?"

Radiša akapapasa mfuko wa kizibao, akatabasamu. Humo ndimo kinamokaa kile kifaa kidogo chenye kioo, na ndani yake, kwa namna nisiyoielewa vizuri, imo akiba yake yote ya miaka kumi na tisa kiwandani Austria. Mama yake aliweka mark za Kijerumani benki miaka ya tisini, siku moja akakuta mlango umefungwa, hakuziona tena. Tangu hapo Radiša hamwamini mtu mwenye tai. Alinunua sarafu za mtandaoni, akazifunga kwa maneno ishirini na manne. Kifaa kikiharibika, anasema, ukiwa na maneno unanunua kingine, unayaingiza, na kila kitu kinarudi.

Javorka alipoondoka nikamwuliza maneno hayo yako wapi.

"Mahali pasipoungua, pasipofurika, na ambapo hakuna mwizi atakayetazama."

"Mimi mkeo nijue wapi."

"Kuna bahasha kwa wakili. Nikifa utasomewa."

Basi mimi ni mke wa bahasha. Nikamwuliza kama Bosiljka naye alikuwa na bahasha. Akachukua kofia, akatoka kwenda kuona kuni.

4 Oktoba

Mvua. Nimeshona suruali tatu za watu. Radiša alikwenda makaburini na mwavuli.

7 Oktoba, Jumanne

Nimefanya jambo.

Nilipeleka koti la Trajko fundi mawe, nililokuwa nimelibadilisha zipu. Karakana yake iko mkabala na lango la makaburi. Nilikuwa nimekusudia kumpa koti na kuondoka, lakini mdomo wangu ulikuwa na mipango yake.

"Trajko, ile picha ya Radiša kwenye jiwe. Unaweza kuitoa?"

"Imepasuka?"

"Imechakaa. Tunataka kutengeneza nyingine."

Alinitazama juu chini. Trajko si mjinga, amezika mji mzima huu. "Radiša anajua, dada Spomenka?"

"Ndiye aliyenituma."

"Mtu kunituma ning'oe uso wake mwenyewe! Haya. Na jina nalo?"

"Jina liache," nikasema. Kwa jina ningehitaji ujasiri mkubwa zaidi.

Nimerudi nyumbani nikapika maharage. Niliimba, kwa kweli niliimba, mpaka Radiša akauliza kulikoni.

9 Oktoba

Radiša alikuwa mjini, Trajko akaja na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na picha ya kauri, nzima kabisa, na kibati cha chuma ukubwa wa daftari la benki.

"Hiki kilikuwa nyuma yake, kimebandikwa kwa gundi," alisema. "Kidogo kinikate mkono. Kazi safi sana. Mumeo ni fundi."

Alipoondoka nikakifuta. Maneno ishirini na manne ya Kiingereza, kila moja na namba yake, kila herufi imegongwa kwa nyundo. Nilikitambua mara moja. Kibati kisichoungua, kisichofurika, mahali ambapo mwizi hatazami. Amefikiri kila kitu, mume wangu. Alizunguka dunia nzima akitafuta wa kumkabidhi maisha yake, akamkabidhi Bosiljka.

Nimekaa nimekishika mpaka chuma kimepata joto. Siwezi kukirudisha bila kusema kuhusu picha. Nimevitia vyote viwili kwenye droo ya cherehani, chini ya zipu.

10 Oktoba, Ijumaa

Vichwa hamsini vya kabichi, pipa moja, maji ya chumvi mpaka juu. Radiša aliinama kuweka jiwe la kukandamizia, na kiberiti chake kikatoka mfukoni kikazama. Tulitoa kabichi zote tena. Tulipokipata kilikuwa kimekufa, kioo kimejaa maji.

Nilidhani atalia. Akacheka. "Ndiyo maana ya maneno," akasema. "Kesho nitaagiza kipya Belgrade, na kesho nitakwenda kuchukua maneno yangu."

Kesho ni Jumamosi. Mimi ndiye niliyetaka kulia.

11 Oktoba

Alirudi saa nne asubuhi. Hakuvua viatu. Alikaa jikoni na viatu vyenye udongo wa makaburini juu ya zulia langu, na uso wake ulikuwa wa rangi ya chokaa.

"Wamening'oa," akasema. "Wameng'oa picha yangu kwenye jiwe."

Ningeweza kunyamaza. Nilikwenda kwenye droo, nikaweka picha mezani, nikaweka kibati kando yake.

Aliivuta picha karibu. "Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nikamwambia kwa nini. Nilimwambia yote, kuanzia gunia la pilipili mpaka vichwa vilivyoelekeana. Nilisema sitaki kusubiri miaka thelathini mume wangu arudishwe kwa mwenyewe kama sufuria ya kuazima. Nilisema hata fedha zangu za uzeeni zinalala na Bosiljka. Sauti yangu ilikuwa mbaya, naikumbuka.

Radiša hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Niliweka pale kwa sababu ni nyuma ya uso wangu. Si wake. Nani anayeng'oa picha ya mtu aliye hai?"

"Mkewe," nikasema.

Akachukua kibati, akakigeuza akaona hakuna kilichokwaruzwa, akakitia mfukoni. Picha akaniachia.

12 Oktoba

Tunaambiana "chumvi" na "mlango" tu.

17 Oktoba, Ijumaa

Kifaa kipya kimefika. Niandike taratibu, maana nataka kukumbuka kila kitu kama kilivyokuwa.

Alikaa mezani mchana, pazia limefungwa. Aliniruhusu nikae. Nadhani alitaka nione jinsi mambo yake yalivyo na mpangilio. Aliingiza neno la kwanza, la pili, mpaka la ishirini na nne, ulimi nje ya mdomo kama mtoto wa shule. Kifaa kikakubali.

"Sasa neno la ishirini na tano," akasema.

"Si ni ishirini na manne?"

"Ishirini na manne hutolewa na kifaa. Hili la mwisho mtu huchagua mwenyewe, na kwenye kibati halimo. Mtu akiiba kibati bila neno hili, hana kitu. Mimi mwenyewe nililiingiza mara moja tu, miaka minne iliyopita. Baada ya hapo kifaa kilifunguka kwa namba nne tu, neno hakikuniuliza tena."

Hakuficha mkono. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake na niliona herufi zikitokea moja moja. B, O, S. Nilijua kabla ya kufika I. Bosiljka.

Kifaa kikafunguka bila ubishi. Ndani ya pochi, kama kifaa kinavyopaita mahali pa fedha, mlikuwa na sifuri.

Akafunga, akafungua. Sifuri. Akaandika Bosiljka kwa herufi ndogo. Sifuri. Akaandika na mwaka wake wa kuzaliwa, na jina lake la ujana, na jina la kubembeleza alilokuwa akimwita, ambalo sikulijua mpaka leo na sasa nalijua. Mara saba. Kila mara kilifunguka kwa upole, kila mara sifuri.

Kisha akageuza kiti akanitazama.

"Kibati kilikuwa kwako siku mbili."

"Sikujua neno."

"Neno lenyewe nani asingelikisia? Wewe kuliko wote. Humwazi mwingine mchana na jioni."

Sijawahi kupigwa na mwanamume. Nadhani hufanana na hivyo.

Nikamwuliza kama kweli anaamini nimemwibia. Akasema hajui anaamini nini. Akasema, na hapo sauti yake ilikuwa imechoka, "Nilipanga vizuri. Kibati ungeambiwa wewe kwenye bahasha. Neno nilimwandikia Javorka kwenye karatasi. Mmoja ana hiki, mwingine ana kile, wala hakuna awezaye kuniibia peke yake. Niliwachagua nyinyi wawili kwa sababu hamkai meza moja. Hilo ndilo lilikuwa kufuli langu."

Kwa hiyo huo wivu wangu wote, miaka minne, alikuwa ameutumia kama kitasa. Na ule wa Javorka pia, ingawa sikujua Javorka anaona wivu kwa lipi.

18 Oktoba

Hakwenda makaburini. Mara ya kwanza. Sikufurahi kama nilivyotarajia.

22 Oktoba

Fundi wa matairi alipita akipima ua wetu kwa hatua. Alifika mpaka dirisha la jiko langu, akachora mstari ardhini kwa kiatu.

28 Oktoba

Ukungu. Radiša analala chumba cha nje. Anasema ni kwa sababu ya kikohozi.

30 Oktoba, Alhamisi

Leo nimesoma karatasi zilizokuja na kifaa. Zimeandikwa Kiserbia kibovu, lakini mimi nimesoma hata maelekezo ya cherehani ya Kichina. Nilikuwa natafuta jinsi ya kuonyesha kwamba sikuiba, nikakuta jambo lingine.

Neno la ishirini na tano halikataliwi kamwe. Uandike lolote, hata "kabichi", kifaa kitafungua pochi. Likiwa si lenyewe, kitafungua pochi nyingine, mpya, ambayo haina kitu. Nikaenda kwenye kifaa nikatazama ile pochi ya Bosiljka. Pochi iliyoibiwa hubaki na alama: siku fulani ziliingia, siku fulani zikatoka. Hii haikuwa na alama hata moja. Haijaibiwa. Haijawahi kutumika tangu dunia iumbwe.

Nikampelekea chumba cha nje. Nilimweleza mara mbili.

"Nimekosea neno? Mimi?" akasema. "Hilo nalijua kama jina langu."

"Basi mwulize Javorka. Anayo karatasi."

"Nikamwambie Javorka nimepoteza fedha za nusu yake? Wiki moja kabla ya siku? Atamwita wa matairi kabla sijafika langoni."

Akageukia ukuta. Na mimi nilijua jambo lingine ambalo sikumwambia: kwamba kulikuwa na jina moja ambalo hakulijaribu. Ningeweza kusema, jaribu langu. Ni maneno mawili. Nilisimama mlangoni nayo kinywani nikashindwa, kwa sababu likifungua sifuri ya nane nitakuwa nimeiomba mwenyewe.

1 Novemba, Jumamosi ya Marehemu

Nilichemsha ngano, nikaoka mkate, nikachukua mvinyo, nikaenda kwenye kaburi la Bosiljka peke yangu. Radiša alisema ana kikohozi.

Javorka alikuwa ameshatandika kitambaa. Makaburi yote yalijaa watu wanaokula na kumimina mvinyo, mishumaa kila mahali, na mimi nilikuwa na sufuria yangu mbele ya jiwe ambalo nusu yake ina shimo jeupe la duara-yai.

"Umekuja kutazama kazi yako?" akasema. Trajko amesema, bila shaka.

"Nimekuja kuomba."

Nikamweleza. Sikuficha pipa, wala sifuri, wala maneno saba aliyoyaandika. Nilijua ninampa kisu: akinyamaza mpaka tarehe nane, gereji inajengwa na yeye anapata zaidi. Alisikiliza huku akiwasha mshumaa wa dada yake kwa mshumaa mwingine.

"Aliandika Bosiljka?" akauliza.

"Mara saba."

Javorka akacheka, kicheko kifupi kikavu, akajifuta macho. "Njoo kwangu kesho baada ya ibada. Na hiyo ngano yako haina sukari ya kutosha."

2 Novemba, Jumapili

Nyumba yake ina baridi na ni safi mno. Alinikalisha, akanipa kahawa na sladko, jamu ya matunda ya mtini, kijiko kimoja na glasi ya maji, kama mgeni wa heshima, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Kisha akaleta kisanduku cha dhahabu za Bosiljka. Hereni, pete, mkufu wa ubatizo. Chini kabisa karatasi iliyokunjwa mara nne, mwandiko wa Radiša.

Hakunipa. Aliishika.

"Alikuja miaka minne iliyopita, mwezi mmoja baada ya harusi yenu," akasema. "Akasema, 'Shemeji, nitunzie neno hili, nikifa mpe mke wangu.' Nikafungua akiwa hapohapo. Unajua nilitaka kumfanya nini? Nilitaka kummwagia kahawa. Analileta hilo kwangu! Nikalitia humu ndani, kwenye dhahabu za dada yangu, kwa sababu sina kisanduku kingine chenye kufuli. Kila ninapofungua kumvalia Bosiljka pete yake kidoleni mwangu, nakuta hilo. Unadhani ni wewe peke yako mwenye wivu mji huu?"

"Ungeweza kulichoma."

"Ningeweza." Akanisogezea karatasi mezani. "Wa matairi ni mtu mchafu. Na mpaka ungepita kwenye jiko la dada yangu."

Nikaikunjua. Spomenka. S kubwa. Chini yake ameandika: hili sitalisahau.

3 Novemba, Jumatatu

Radiša alikuwa anapasua kuni. Niliweka kifaa na kibati juu ya gogo, nikamwambia, "Ingiza maneno yako." Akaingiza ishirini na manne yote. Alipofika kwenye lile la mwisho akanitazama, nikachukua kifaa mkononi mwake, nikaandika jina langu mwenyewe, herufi nane, polepole kuliko nilivyowahi kuliandika popote.

Zilikuwamo zote. Na alama ya siku zilipoingia, miaka minne iliyopita.

Radiša aliketi juu ya kuni. Nikampa karatasi, akausoma ule mstari wa chini, akausoma tena. Masikio yakawa mekundu kama ya kijana.

"Sasa nakumbuka," akasema. "Nilikuwa na furaha siku ile."

8 Novemba, Mtakatifu Dimitri

Ofisi ya hati, sahihi tatu, imekwisha. Mpaka haupiti tena jikoni. Javorka alimbusu Radiša mara tatu na mimi mara moja. Jumatano fedha zilihamishiwa maneno mapya, kwa kuwa yale ya zamani Trajko ameshayaona, na safari hii niliyagonga mimi kwenye chuma, Radiša akinishikia kibati. Neno la ishirini na tano nimelichagua mimi, si jina la mtu.

Tuliporudi Radiša alifungua rakija, pombe yetu kali ya matunda, akanimiminia kwanza mimi. Akauliza kama sasa moyo umetulia.

Nikamwambia umetulia, na ni kweli kiasi. Miaka minne alikuwa amefunga kila alichonacho kwa jina langu, na mimi nilikuwa nalala kando yake nikimhesabia jina la mwingine. Ni jambo kubwa, sitalikana. Kisha nikamwuliza jambo moja, kwa sauti ya kawaida, nikiwa nakata jibini. Siku ile alipoogopa, alipokuwa na nafasi ya kuandika jina lolote duniani, ilikuwaje akaandika mara saba na la kwangu halikumjia hata mara moja?

Aliishika glasi.

Jibini nimemaliza kuikata. Bado anafikiri.